Dereva aliyedhaniwa ana dharau: uchambuzi wa kisa cha glakoma

Kisa hiki ni cha kufundishia kuhusu glakoma, ugonjwa unaoua neva inayounganisha jicho na ubongo, mara nyingi kwa shinikizo la maji ndani ya jicho. Dereva anayesimuliwa hapa ameundwa kutokana na sura za wagonjwa wanaojulikana sana katika kliniki za macho nchini Tanzania, kwa hiyo hana jina wala kituo. Vipimo alivyopewa ndivyo vinavyopatikana kwa mgonjwa wa aina yake.

Mwanamume wa miaka 54, dereva wa daladala kwa zaidi ya miaka 20, alifika kliniki akisema jicho lake la kushoto "limezimika jana". Siku hiyo ya jana upepo ulimtia vumbi jicho la kulia akiwa stendi. Akalifumba, akawa analifikicha, na alipotazama kwa lile la kushoto akakuta ukungu wa kijivu. Gari lililoegeshwa mbele yake aliliona kipande tu. Alikwenda duka la dawa, akauziwa matone, akatia macho yote mawili. Kulipokucha hakuona nafuu, akaja hospitali akisindikizwa na mdogo wake wa kiume.

Kwa hesabu yake, ugonjwa ulikuwa na siku moja. Kwa hesabu ya jicho lenyewe ulikuwa na miaka. Alipoulizwa kama amewahi kupata shida ya kuona kabla ya hapo alikataa, tena kwa ukali kidogo, maana dereva anayekiri kwamba haoni vizuri anajifungia riziki kwa mdomo wake. Aliyesema ni mdogo wake: "Kaka, na yule wa bodaboda je?"

Hapo mambo yakaanza kutoka. Miaka mitatu nyuma aliacha safari za usiku, akawa anampa deiwaka. Alidai taa za magari yanayokuja zinamchoma, na akitoka kwenye mwanga kuingia gizani humchukua muda macho kuzoea. Baadaye ubavu wa kushoto wa gari ukaanza kujaa mikwaruzo, kioo cha pembeni kikavunjika mara mbili, na tajiri akamkata kwenye hesabu. Yeye aliwalaumu bodaboda: siku hizi wanachomoka tu, hujui wametokea wapi. Akamlaumu na konda, kwamba hamwambii kushoto kuna nini, hata akambadilisha. Miwani ya kusomea alinunua kwa machinga, akabadilisha, akabadilisha tena, kila mara akisema hii nayo haifai.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Alikuwa akikosa kidato cha mwisho cha baraza. Alimimina chai nje ya kikombe. Msikitini alikanyaga miguu ya waliokaa. Lakini lililowauma watu zaidi ni salamu: mtu anamnyoshea mkono, yeye anamtazama usoni, anaongea naye vizuri, na mkono unabaki hewani. Kwenye misiba miwili ilitokea hivyo mbele za watu. Mtaani wakasema jamaa amepata dharau. Mkewe naye alishamkanya faraghani kwamba anawaaibisha.

Kati ya yote aliyoyaeleza mdogo wake, mimi naupa uzito wa kwanza mkono huo wa salamu. Mkono wa kusalimia huja kutoka chini, usawa wa kiuno, wakati macho ya anayesalimiwa yako usoni kwa mwenziwe. Mtu mwenye afya huuona bila kuutazama. Asiyeuona amepungukiwa sehemu ya chini ya upeo wake wa kuona, na sehemu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha kidato cha mwisho, mdomo wa kikombe na miguu ya aliyekaa chini. Malalamiko manne yaliyochukuliwa kuwa uzembe, uzee, haraka na dharau yalikuwa na chanzo kimoja.

Kwa nini mwenyewe hakujua

Watu wengi hudhani asiyeona pembeni huona giza pembeni. Sivyo ilivyo. Sehemu ambayo jicho halileti habari, ubongo huijaza kwa kinachoizunguka: lami kwa lami, ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo dereva huyu hakuona shimo jeusi upande wa kushoto. Aliona barabara tupu. Bodaboda alipotoka kwenye eneo lililokufa na kuingia kwenye eneo linaloona, kweli alichomoka. Maneno yake kuhusu bodaboda yalieleza sawasawa alichokiona.

Tena macho mawili yanafidiana. Kasoro ya jicho moja hufunikwa na lingine ilimradi kasoro hizo hazijakutana mahali pamoja. Ndiyo maana vumbi la stendi lilionekana kuwa chanzo: lilifumba jicho lililokuwa likilibeba lingine. Wagonjwa wengi wa glakoma huigundua kwa ajali ya namna hii, wengine kwa kufunikwa jicho hospitalini, wengine kwa kuchungulia kwenye tundu la kufuli.

Halafu hakuna maumivu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia kona iliyo kati ya konea na airisi, yaani kati ya kioo cha mbele cha jicho na ule mduara wenye rangi. Hayo si machozi. Katika aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi kwa Waafrika, kona hiyo iko wazi lakini tishu inayochuja maji imekuwa nzito kupitisha. Shinikizo hupanda taratibu, na jicho huzoea huku neva inakufa.

Vipimo

Alisomeshwa herufi za ukutani. Jicho la kulia alifika mstari wa 6/6, yaani kuona kwa kawaida kabisa. La kushoto alifika 6/18, yaani chini ya kawaida. Mtu ambaye angempima yote mawili yakiwa wazi angemwandikia kwamba anaona vizuri, na hajadanganya, kwa sababu kadi ya herufi inapima katikati tu, na katikati ndiko glakoma inakofika mwisho. Mtu anaweza kusoma kadi nzima hadi chini, akainuka, akajikwaa kwenye kiti alichokalia.

Kipimo kilichofuata ndicho ningependa kila zahanati ikijue, maana kinahitaji tochi na chumba chenye mwanga hafifu, basi. Unamulika jicho la kulia: mboni zote mbili zinasinyaa. Unahamishia tochi kushoto kwa haraka. Kwa mtu mwenye neva nzima zingebaki zimesinyaa. Kwa dereva huyu mboni ya kushoto ilitanuka ingawa ilikuwa inamulikwa. Maana yake neva ya kushoto inapeleka habari ya mwanga kwa udhaifu kuliko ya kulia. Kipimo hakitaji jina la ugonjwa, na kama neva zote mbili zimeharibika kwa kiasi kilekile hakitaonyesha kitu, lakini kikionyesha, hakuna sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na miwani mipya.

Shinikizo la jicho lilikuwa 27 kulia na 34 kushoto, kwa milimita za zebaki. Kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Alikuwa akimeza dawa za presha ya damu kwa muda mrefu na aliamini zinatosha kwa presha yoyote mwilini. Hazitoshi, presha ya jicho hupimwa na kutibiwa kivyake.

Kisha neva. Nyuma ya jicho kuna mahali ambapo nyuzi zaidi ya milioni 1 hukusanyika na kutoka kwenda kwenye ubongo. Kutoka mbele panaonekana kama duara lenye ukingo wa rangi ya waridi na kishimo cheupe katikati. Nyuzi zikifa ukingo hupungua na kishimo hupanuka. Kwa watu wengi kishimo huchukua sehemu 3 au 4 kati ya 10 za upana wa duara. Kwake kilikuwa kama 8 jicho la kulia. La kushoto kilikaribia kumeza duara zima.

Mashine ya kupima upeo wa kuona ilikamilisha maelezo. Jicho la kushoto lilibaki na kisiwa kidogo katikati na kipande hafifu pembeni kabisa. La kulia lilikuwa na pengo upande wa pua, likishuka chini kwa umbo la upinde. Upande wa pua wa jicho la kulia unatazama kushoto. Kwa maneno mengine, jicho lililokuwa likifidia ubavu wa kushoto nalo lilikuwa limeanza kuuachia. Katika nchi ambako gari hupita kushoto mwa barabara, huko ndiko waliko abiria wanaosubiri, watoto wa shule na baiskeli.

Nini kingine kingeweza kuwa?

Mtoto wa jicho ndilo wazo la kwanza la kila familia, lakini huo hufanya ukungu wa jumla, lenzi huonekana imepauka, na hauharibu mwitikio wa mboni kwa mwanga namna ile. Kisukari kilipimwa, hakikuwepo, na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haikuwa na madoa ya damu. Tatizo la ubongo lingeacha alama nyingine, na neva ingepauka zaidi kuliko kuchimbika. Kona ya kutolea maji iliangaliwa kwa lenzi maalumu na ilikuwa wazi. Hakuwahi kuumia jicho.

Chupa ya matone kutoka duka la dawa ilikuwa na antibayotiki pamoja na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Matone ya siku moja hayakumfanya hivi. Lakini jambo hili lisipitwe: steroidi ikitiwa machoni kwa wiki au miezi huweza kupandisha shinikizo kwa baadhi ya watu na kuleta glakoma kamili. Miongoni mwa wanaoumizwa nayo ni watoto wenye mzio wa macho, wale wanaojikuna kutwa. Dawa inawapa raha haraka, mzazi anarudi dukani na chupa tupu kuomba nyingine, mwaka unapita, na hakuna aliyepima shinikizo.

Ipo pia glakoma isiyo ya kimya, ambapo kona hujifunga ghafla: jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa upande mmoja, kutapika, na duara za rangi kuzunguka taa. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuishia kupimwa malaria. Ni dharura ya saa, si ya siku. Na kwa mtoto mchanga, macho makubwa yanayosifiwa na kila mgeni, yenye machozi mengi na yanayokwepa mwanga, yaangaliwe na daktari wa macho haraka. Dereva huyu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Jibu lilikuwa kwenye ukoo

Alipoulizwa kuhusu familia alisema hakuna mwenye ugonjwa wa macho. Swali likabadilishwa: kuna aliyepofuka? Baba alipofuka, lakini ule ni uzee. Dada mkubwa naye haoni. Yeye alikuwa na mtoto wa jicho, hospitali wakamwambia amechelewa.

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwa anayejua kuisikiliza. Mtoto wa jicho hata ukikomaa hadi mboni ikawa nyeupe kama maziwa, kwa kawaida upasuaji unaweza kurudisha kuona ikiwa sehemu ya nyuma ya jicho ni nzima. Mgonjwa akiambiwa amechelewa kabisa, mara nyingi kilichochelewa ni neva. Kwa hiyo "walisema amechelewa", "walisema mshipa umekufa", "alifanyiwa upasuaji lakini hakuona", kwa mzazi au ndugu wa tumbo moja, zichukuliwe kama historia ya glakoma hadi ithibitike vinginevyo. Ndugu wa mgonjwa wana hatari mara kadhaa kuliko watu wengine.

Na ndugu mmoja alikuwa amekaa palepale kwenye benchi. Mdogo wake, miaka 43, fundi magari, hakuja kutibiwa. Anaona vizuri, hajikwai, anapokea mikono ya watu. Aliombwa apimwe, akacheka, akakubali.

Herufi: 6/6 macho yote. Shinikizo: 19 na 20. Kwenye kambi nyingi za upimaji wa bure, ambako kipimo ni shinikizo peke yake, angepewa mkono wa pongezi na kurudi gereji. Hili ndilo linalonikera kwenye kambi hizo. Wagonjwa wengi wa glakoma, wakipimwa mara moja tu, huonekana wako ndani ya kiwango cha kawaida. Shinikizo hubadilika kwa saa za siku, na konea nyembamba humdanganya anayepima kwa kuonyesha namba ndogo kuliko ilivyo. Konea nyembamba kwa wastani huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika.

Neva yake ndiyo iliyosema. Kishimo cha kulia kilikuwa sehemu 5 kati ya 10, cha kushoto 7. Macho ya mtu mmoja hufanana, na tofauti kama hiyo inataka maelezo. Kwenye ukingo wa chini wa neva ya kushoto, uliokuwa umekonda, kulikuwa na mstari mdogo wa damu, mwembamba kama uzi, ambao hutoweka baada ya wiki kadhaa na ambao mwenye jicho hawezi kuuhisi. Upeo wa kuona ulionyesha pengo dogo upande wa pua. Kipimo kilirudiwa siku nyingine kwa sababu mara ya kwanza watu hukosea. Pengo lilikuwa palepale. Shinikizo la asubuhi mapema lilifika 24.

Kama mtu anataka kujua dalili za mapema za glakoma zinafananaje, ni hizi za fundi magari, wala si zile za kaka yake. Mikwaruzo ya gari, chai iliyomwagika na mkono ulioachwa hewani ni dalili za kweli, na zikiletwa hospitali zinaokoa kilichobaki, lakini zinaonekana baada ya neva kupoteza nyuzi nyingi. Dalili ya mapema haihisiwi. Huonwa na mtu mwingine anayetazama nyuma ya jicho, na kinachomfikisha mgonjwa mbele ya mtu huyo ni umri wa kuanzia miaka 40, asili ya Kiafrika, na jamaa aliyepofuka.

Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulipima zaidi ya watu 3,000 wa miaka 40 na kuendelea. Takriban 4 kati ya kila 100 walikuwa na glakoma. Na umri wa 40 wenyewe usishikwe kama amri. Edgar Davids, mwanasoka wa zamani aliyekuwa kiungo wa Uholanzi, alianza kucheza na miwani ile maarufu mwaka 1999 baada ya kufanyiwa upasuaji wa glakoma, akiwa hajafika miaka 30.

Baada ya kujua

Kwa dereva, kazi ilikuwa kulinda jicho la kulia. Kilichopotea hakirudi, dawa, leza (tiba ya miale ya mwanga) na upasuaji hushusha shinikizo tu. Hili lisiposemwa wazi siku ya kwanza, mgonjwa hutumia matone mwezi mmoja, anaona jicho liko vilevile, anaacha, naye kwa akili ya kawaida hana kosa: dawa gani hii isiyoponya? Lakini kupungua kwa shinikizo kuna faida inayopimika. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kila milimita moja ya zebaki inayoshuka hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa karibu asilimia 10.

Alianzishiwa latanoprosti, dawa ya matone ya kushusha shinikizo, tone moja usiku. Timololi ni ya bei nafuu zaidi na hupatikana mahali pengi, ila haipewi mtu mwenye pumu au mapigo ya moyo ya taratibu, na swali hilo huwa linasahaulika kwa kuwa ni dawa ya jicho tu. Jicho la kulia lilipangiwa upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji, kwa vile shinikizo lilikuwa juu na matone ya kila siku kwa maisha yote ni gharama ambayo kipato cha daladala hakiihimili kwa uhakika. Leza nayo inastahili kutajwa: katika majaribio yaliyofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi kwa asilimia 31. Inahitaji mashine na mtaalamu, na vyote viwili havipo kila mkoa.

Mazungumzo magumu yalikuwa ya usukani. Aliambiwa bila kuzungushwa kwamba asibebe abiria tena. Alinyamaza, akauliza kama upasuaji utamrudisha barabarani, akaambiwa hapana. Mdogo wake alipendekeza asimamie magari ya tajiri stendi, kazi isiyohitaji ubavu wa kushoto. Hakukubali siku hiyo. Alirudi kwa upasuaji akiwa amekubali nusu, na funguo alikuwa ameshazirudisha.

Fundi magari yeye anatia tone moja kila usiku na kurudi kupimwa upeo wa kuona na neva kila baada ya miezi kadhaa. Jamaa wa karibu waliobaki ni dada mwingine, kaka wawili na watoto wa dereva waliokwisha kuwa watu wazima, waliotawanyika mikoani. Walitumiwa ujumbe wa sauti na yeye mwenyewe, baada ya kuelekezwa aseme nini. Mtu akifika hospitali na kusema "nataka kupima macho" atasomeshwa herufi na kuandikiwa miwani. Aseme hivi: baba alipofuka, dada haoni, kaka zangu wawili wana glakoma, naomba niangaliwe neva nyuma ya jicho, macho yote mawili, na shinikizo lipimwe. Hata akiambiwa ni mzima, aulize arudi lini.